Historia, Mila na Chakula cha Mtoto: Maneno ya Lishe Yapimwapo Ihumwa

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, katika mwaka 1917. Wapenzi wa mashairi humkumbuka kwa diwani yake, kwa Waadhi wa Ushairi na kwa ngonjera alizozitungia chama cha UKUTA. Wachache zaidi humkumbuka kwa kitabu chake cha nathari cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Yafaa kukitazama kichwa cha kitabu hicho kabla ya kukifungua. Maneno matatu yamewekwa katika mstari mmoja, na la kwanza ni historia. Maandishi ya Kiswahili yahusuyo chakula na ukuaji wa watoto wa nchi hiyo hiyo ya Ugogo, ambayo yameenea sana tangu miaka ya 1970, kwa kawaida yamechukua yale mawili ya mwisho na kuliacha la kwanza. Mila zatajwa, desturi zatajwa, miiko yahesabiwa mmoja mmoja. Lakini historia haionekani, kana kwamba mtoto wa Ugogo hula miiko tu wala hali nafaka iliyopatwa na ukame, vita, kodi na bei ya soko.

Mwaka aliozaliwa Mnyampala si mwaka wa kupitwa kimya. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha pita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana, na njaa ikaja ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Gregory Maddox, mwanahistoria ambaye baadaye alikifasiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza (tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1995), aliiandikia njaa hiyo makala katika mwaka 1990. Yakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 hivi wa nchi ile. Mtoto aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 alikuwa akiachishwa ziwa wakati ghala za majirani zikiwa tupu. Hapana mwiko wa chakula uwezao kueleza vifo elfu thelathini. Ukame peke yake hauwezi pia, kwa maana Ugogo ni nchi iliyozoea ukame. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hata Aprili, nazo huwa kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Watu walikuwa na njia zao za kuuvuka mwaka mbaya: ng'ombe wa kubadilishia nafaka, jamaa walio mbali, akiba ya mwaka uliotangulia. Vita vilizivunja njia hizo zote kwa pamoja, ndipo ukame ukaua.

Lugha yenyewe imehifadhi alama ya mambo hayo kuliko vijitabu vya lishe. Liko neno hemea, au hemera kwa matamshi ya wengine, lililomo katika kamusi za zamani kwa maana ya kwenda huku na huku kutafuta chakula wakati wa njaa. Ni kitenzi cha mtu atembeaye. Ndani yake mna safari, mna mali ibebwayo kwenda kubadilishwa, mna mwenyeji wa kumpokea mgeni, na mna wale waliobaki nyumbani kungoja. Katika Kiswahili cha sasa neno hili linaendelea kudhoofika, na wasemaji wengi hudhani kwamba maana yake ni kununua mahitaji ya nyumbani tu. Mahali pake pameshikwa na maneno ya ofisini kama upungufu wa chakula, nayo hayaonyeshi mtu yeyote akitembea.

Huenda ikaulizwa mwanafunzi wa lugha ana haja gani na kimo cha watoto. Haja iko, tena si ndogo. Jina la maradhi huonyesha mahali pa kutafutia sababu yake, na watungaji wa istilahi, ambao wengi wao wamelelewa katika taasisi za Kiswahili, ndio waliowapa waganga na walimu majina hayo.

Utapiamlo ndilo neno kubwa kuliko yote. Limeundwa kwa kuunganisha tapia na mlo, na ijapokuwa sehemu ya kwanza imekwisha kufifia katika masikio ya wasemaji wengi, ya pili ingali wazi. Asikiaye utapiamlo husikia mlo, naye huelekeza macho kwenye sahani. Basi swali lake la kwanza huwa: mtoto huyu amekula nini? Ni swali jema, bali si la kwanza kwa cheo. Mtoto aliyeharisha siku kumi kwa maji machafu ya kisimani aweza kupungua ilhali sahani yake imejaa, kwa kuwa mwili wenye homa na tumbo lenye maradhi havishiki chakula. Neno halikumficha mtoto huyo kwa makusudi, lakini lamficha.

Udumavu ni neno bora zaidi. Limetokana na dumaa, kitenzi cha zamani kilichotumiwa kwa mti, mnyama na mtoto vilevile, na mkulima yeyote hukielewa bila kufasiriwa. Muhindi uliodumaa haulaumiwi. Huulizwa udongo, mvua, magugu na mwenye shamba. Huo ndio uzuri wa neno hili, kwamba limekuja na maswali yake. Kasoro yake ni kwamba dumaa ni kitenzi kisichomtaja mtendaji. Mtoto amedumaa, na sentensi imekwisha. Kiswahili kina dumaza pia, chenye mtendaji ndani yake, lakini ni nadra kukiona katika taarifa za lishe. Taarifa husema kwamba mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa, kwamba mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34, na mwaka 2022 walikuwa 30. Hapana aulizaye katika sentensi hizo ni nini kilichowadumaza, wala kwa nini idadi imepungua.

Ziko fikira za zamani ambazo zimelisaidia neno dumaa kukaa bila mtendaji, nazo ni zile zisemazo kwamba ufupi ni wa ukoo, au wa kabila. Fikira hizo zilijibiwa vizuri na kazi ya Shirika la Afya Duniani iliyofanywa kati ya mwaka 1997 na 2003. Watoto walipimwa katika miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra ya Ghana, Delhi ya Uhindi, Oslo ya Norwe, Davis ya Marekani, na Muscat ya Omani, mji ambao wasomaji wengi wa Kiswahili wana jamaa huko. Wote walinyonyeshwa, mama zao hawakuvuta sigara, na makazi yao hayakuwa ya taabu. Ikaonekana kwamba watoto wa mahali hapa sita walirefuka kwa mwendo unaokaribiana sana. Tofauti kati ya mji na mji ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na tofauti kati ya mtoto na mtoto wa mji mmoja. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2006 kutokana na kazi hiyo ndivyo vitumikavyo katika kliniki za Dodoma leo. Kila mstari uliochorwa katika kadi ya kliniki ya mtoto wa Ihumwa ni dai, ingawa halisemwi kwa sauti, kwamba mtoto huyu angaliweza kuwa na kimo cha mtoto wa Oslo lau angalikulia katika hali zilizo sawa. Ukoo umeondolewa mashtaka. Yaliyobaki ni mazingira.

Kabla ya kadi na mizani Kiswahili kilikuwa na neno lake la mtoto asiyekua, nalo ni bemenda. Mtoto amebemendwa: amedhoofika, miguu imenyauka, hatembei kwa wakati wake. Kitenzi hiki kina mtendaji, tena mtendaji wake hana pa kukimbilia. Aliyembemenda ni mzazi, kwa kuwa hakujizuia na tendo la ndoa wakati mtoto yungali ziwani, au alitoka nje ya ndoa. Pwani, hasa upande wa Kenya, kuna jina chirwa lenye maana inayokaribiana na hiyo. Katika Ugogo mambo ya namna hii yamechunguzwa kwa bidii na Mara Mabilia, bibi wa Kiitalia mwanachuoni wa elimu ya jamii na mila, ambaye kitabu chake juu ya kunyonyesha na miiko miongoni mwa akina mama wa Kigogo kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2005. Aonyesha jinsi maziwa ya mama yanavyohesabiwa kuwa mazuri au mabaya kwa kadiri ya mwenendo wake, na jinsi ugonjwa wa mtoto unavyoweza kumtia mama katika shaka mbele ya mume, wifi na majirani.

Kitabu hiki ni cha heshima, nacho kimesikiliza sauti za wanawake kuliko vingi vilivyotangulia. Walakini yapasa kukisoma pamoja na kitabu kingine cha nchi hiyo, kwa kuwa mada yake ni ziwa na mwili, si ghala na shamba. Msomaji asiye mwangalifu aweza kutoka humo akidhani kwamba miiko ndiyo ukuta umzuiao mtoto wa Ugogo asikue. Jambo lenyewe laelekea kuwa kinyume. Mwiko wa kujizuia wakati wa kunyonyesha, hata ukiwa umeelezwa kwa hoja ya maziwa kuharibika, ulikuwa na kazi ya kutenga mimba na mimba. Mama asiyechukua mimba upesi haondoi ziwa mapema, na katika nchi isiyokuwa na chakula kingine laini cha mtoto kwa miezi mingi ya mwaka, ziwa ni uhai. Mwiko ulilinda, lililodhuru ni lawama iliyofungamanishwa nao.

Hapo ndipo neno la watu wa mbali lifaapo kulinganishwa. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana sasa, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi, na mwaka 1935 akautangaza ugonjwa huo kwa jina aliloambiwa na akina mama wa Kiga. Jina hilo ndilo lililoingia Kiswahili kama kwashiakoo. Kwa Kiga maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake, yaani aliyesukumwa kutoka ziwani na ndugu anayefuata. Waganda nao wana obwosi, jina lenye mzizi wa mawazo hayo hayo. Basi bemenda na kwashiakoo yaliona jambo moja: mtoto wa kwanza huugua wakati mwingine ajapo. Lakini moja limetaja dhambi, jingine limetaja mahali. Kiga kilimtazama mtoto na kiti alichopokonywa. Kiswahili kilimtazama mzazi na kosa lake. Ni hasara kwamba neno kwashiakoo lilipovuka bara lilikuja kama ganda tupu, sauti ya kigeni isiyo na maana kwa mama wa Ihumwa, ilhali maana yake angalielewa mara moja. Hata unyafuzi, lililotungwa kushika nafasi yake, lasema namna mwili unavyoonekana tu. Mtafsiri aliyezingatia maana kuliko sauti angaliweza kupata jina lililo bora kuliko yote mawili.

Huko Uganda, katika hospitali ya Mulago, majina yalichaguliwa kwa busara zaidi. Nyumba ya watoto wenye maradhi ya chakula iliyofunguliwa mwaka 1965 iliitwa Mwanamugimu, neno lililotoka katika methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko. Mbeleko haiwezi kuwapo bila mgongo wa kumbebea mtoto, na mgongo haupo bila mtu mwenye nafasi ya kubeba. Katika jina moja mmeingia mama, wakati wake na nguvu zake.

Nafasi ya mama ndiyo isiyotajwa katika maandishi mengi ya lishe, na nchi ya Dodoma yaieleza kuliko nyingi nyingine. Mvua ianzapo Desemba, kazi ya shamba haingoji. Uwele na mtama hupandwa na kupaliliwa katika miezi michache, na jembe aghalabu limo mikononi mwa wanawake. Miezi hiyo hiyo, Januari hata Machi, ndiyo miezi ambayo nafaka ya mwaka uliopita imekaribia kwisha, na ndiyo miezi ya mbu na ya kuharisha. Mama yuko mbali na mtoto wakati chakula ni kichache na maradhi ni mengi. Hapana hata moja kati ya mambo hayo matatu lililo la ujinga. Ukimwambia mama huyo kwamba mtoto apaswa kulishwa mara tano kwa siku, umemwambia kweli ambayo siku yake haina nafasi ya kuipokea.

Si hivyo tu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji wa uwele uliopikwa mzito hawezi kuumeza wa kutosha. Ukifanywa mwepesi kwa maji, hushiba maji. Tatizo hili lilipata jibu katika Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, wakati Mosha na Svanberg walipoonyesha, katika makala ya mwaka 1983, kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa huufanya uji mzito kuwa mwepesi bila kupunguza chakula kilichomo. Unga huo ni kimea, kitu ambacho kila mpika pombe wa Ugogo alikuwa nacho nyumbani tangu zamani. Elimu ya kulainisha nafaka ilikuwa imo katika mtungi wa pombe, na wataalamu walichofanya ni kuitoa mtungini na kuitia katika chungu cha mtoto. Laiti vijitabu vingeandikwa kwa mwendo huu, vikianzia kwenye elimu iliyopo! Lakini vingi huanzia kwenye upungufu, na mama huingia katika ukurasa wa kwanza akiwa mjinga ili atoke katika ukurasa wa mwisho akiwa ameelimishwa.

Mlenda nao umeonewa vivyo hivyo. Majani ya mwituni na ya shambani, yachumwayo wakati wa mvua na kuanikwa ili yatumike kiangazi, ndiyo kitoweo cha nyumba nyingi za Ugogo. Katika mazungumzo ya mjini mlenda hutajwa kwa mzaha, kama alama ya umaskini wa nchi kavu. Hali majani hayo, pamoja na ubuyu na maziwa, ndiyo yaliyoshika sehemu ya vyakula vinavyoitwa sasa vya kulinda mwili. Kuanika majani ni akiba, sawasawa na kujaza ghala. Aandikaye kwamba chakula cha Wagogo ni cha aina moja hajahesabu kilicho juu ya paa la tembe, kikikauka juani.

Neno jingine la kupimwa ni kaya. Takwimu za afya na lishe huhesabu kaya, kwa maana ya watu walao chungu kimoja. Kigogo kina neno hilo hilo, lakini maana yake ni pana zaidi. Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya ng'ombe na ujamaa wa Kigogo, aeleza kwamba kaya ni boma zima, na ndani yake mna nyumba za wake, kila nyumba na shamba lake na nafaka yake. Ng'ombe nao hawakai wote mahali pamoja. Wengine huwekwa kwa jamaa na marafiki, ili maradhi au ukame usiwamalize kwa siku moja, na aliyewekewa hunywa maziwa. Kwa hiyo mtoto wa nyumba moja aweza kuwa na njaa katika boma lenye ng'ombe wengi, na mtoto wa mtu asiye na ng'ombe aweza kupata maziwa kwa sababu baba yake ana rafiki mwema. Mpimaji aandikaye katika karatasi yake kwamba kaya hii ina ng'ombe 20 hajaandika bado habari ya maziwa ya mtoto yeyote. Neno moja katika lugha mbili za ndugu limemdanganya, na udanganyifu wa namna hii ni mgumu kugundulika kuliko wa neno la kigeni.

Mengine ya historia yaweza kutajwa kwa ufupi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, mashariki ya nchi hii, ili wananchi wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Hata mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya paundi milioni 30 zimekwenda nao. Msomaji wa leo hawezi kuikosa kejeli iliyomo: mafuta ndiyo yaliyokuwa haba katika uji wa watoto wa Ugogo wenyewe, na hapana aliyefikiri kuwalimia hao. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowakusanya katika vijiji watu waliozoea kukaa mbalimbali na kuhamisha tembe zao kwa kufuata malisho na udongo. Shule na zahanati zilikaribia; mashamba na malisho, kwa wengi, yalikwenda mbali. Faida na hasara hizo zote mbili zimo katika kimo cha watoto waliokulia katika vijiji hivyo, nazo haziwezi kupatikana katika orodha ya miiko.

Miaka hiyo ya 1970, hata hivyo, ilikuwa na jambo la kuigwa katika lugha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kusoma na kujadiliana. Majina yake ni sentensi kamili zisizomwamuru mtu. Yazungumza juu ya mtu na juu ya chakula, wala hayakumnyoshea kidole mama. Ulinganishe na mtindo ulioshika mabango ya kliniki baada ya hapo, ambao karibu wote ni wa kuamuru: mama, mnyonyeshe mtoto maziwa yako tu miezi sita, mama, mpe mtoto mboga na matunda, mama, nawa mikono. Kila shauri ni sahihi kitabibu. Lakini ukihesabu watajwa, utamkuta mama peke yake. Baba hayumo, mwenye ardhi hayumo, mchuuzi wa nafaka hayumo, diwani hayumo. Sarufi ya amri imefanya kazi ile ile iliyofanywa na bemenda: imempata mtendaji mmoja, na ni yule yule.

Mkoa wa Iringa ulijaribu njia nyingine katika mwaka 1983 na kuendelea, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Katika vijiji 168 vya mwanzo watoto walipimwa uzito, na matokeo hayakubaki katika kadi ya mama bali yalipelekwa mbele ya kamati ya kijiji, ikapasa kijiji kizima kujibu kwa nini watoto wake hawaongezeki. Kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena: ndio ulikuwa utaratibu wake. Kutokana na mazoezi ya Iringa, UNICEF ilitengeneza mwaka 1990 mchoro wake wa sababu za utapiamlo, uliokubaliwa dunia nzima. Juu yake mna chakula na maradhi. Chini ya hayo mna upatikanaji wa chakula nyumbani, matunzo ya mama na mtoto, maji na huduma za afya. Na chini kabisa mna mali, mamlaka na namna jamii ilivyopangwa. Ni ajabu kwamba mchoro uliozaliwa katika vijiji vya Kiswahili ulirudi katika Kiswahili ukiwa umekatwa miguu. Sehemu ya juu imefasiriwa mara nyingi katika vijitabu. Ile ya chini kabisa hubaki katika ripoti za Kiingereza.

Hata neno lishe, lililo zuri kwa asili yake, limepunguzwa. Limetokana na lisha, kitenzi chenye watu wawili ndani yake, alishaye na alishwaye. Lilikuwa na nafasi ya kubeba maana yote ya malezi. Katika maduka ya Dodoma na kwingineko sasa hutumika zaidi katika usemi unga wa lishe, yaani mchanganyiko wa nafaka, karanga na maharage ya soya ndani ya mfuko. Lishe imekuwa kitu cha kununuliwa. Asiye na fedha ya mfuko huo hana lishe, ijapokuwa ana uwele, mlenda, maziwa na kimea. Kwa upande mwingine serikali imelitumia neno hilo hilo kwa maana kubwa zaidi: mikataba ya lishe iliyotiwa sahihi na wakuu wa mikoa, ikiwa ni pamoja na ile ya Septemba 2022 mjini Dodoma mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, huwafanya watawala wawe wenye kuulizwa. Hapo alishaye ameongezeka mtu mmoja, tena mwenye kalamu na bajeti. Lishe ya dukani na lishe ya mkataba ni neno moja lenye njia mbili, na haijulikani bado ni ipi itakayolishinda.

Ihumwa yenyewe haiko tena mbali na mambo haya. Baada ya serikali kuanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na Mji wa Serikali kujengwa Mtumba, kata iliyo jirani, ardhi ya upande huu imekuwa viwanja. Palipolimwa uwele panapimwa kwa vigingi. Mwanamke aliyekuwa na shamba na ghala hupata badala yake kibarua cha kupikia mafundi au kuuza mboga barabarani iendayo Morogoro, na nafaka huinunua kwa debe. Siku yake imebadilika saa, haikupata nafasi. Kliniki iko karibu zaidi, maji pengine yako karibu zaidi, na mbeleko imo mgongoni mwa dada wa miaka tisa. Kwa mtoto wa namna hii neno la zamani hemea lafaa kuliko upungufu wa chakula, kwa kuwa mama yake huondoka kila alfajiri kwenda kutafuta, ingawa mwaka ni wa mvua nyingi na ghala za nchi zimejaa. Na mwandishi wa kamusi atakayeliandika upya hana budi kuitia maana hiyo pia, pamoja na mwaka ilipoanza.